Sura ya Sita: Land Rover Zilikwenda Wapi?

Swali hili huja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile. Zamani gari la mkuu wa wilaya lilikuwa Land Rover, la padri Land Rover, la bwana afya Land Rover, na la polisi halikadhalika. Leo, hapa Kigoma, kaa kando ya barabara inayotoka Mwanga kuelekea Ujiji utazame yanayopita: bodaboda, bajaji, Noah, Probox, Land Cruiser nyeupe zenye nembo za mashirika. Land Rover ikitokea, wazee hugeuza shingo. Zilikwenda wapi? Na kama kweli lilikuwa gari imara kiasi hicho, mbona lilishindwa?

Jibu la kijiweni ni fupi: Mjapani kamzidi Mwingereza. Lina ukweli wake, ila linaruka mambo mawili. Kwanza, Land Rover haikuenea huku kwa kuwa ilikuwa gari bora kuliko yote duniani. Ilienea kwa sababu iliundwa na watu wenye uhaba, ikafikia watu wenye uhaba. Pili, haikuondoka siku Toyota ilipofika. Iliondoka pale spea zilipoadimika, mnunuzi alipobadilika, na kiwanda chenyewe kilipoacha kumfikiria mtu wa Kasulu na Kibondo.

Gari la kuokolea kiwanda

Kampuni ya Rover haikuanza na magari. Ilianzia mji wa Coventry, Uingereza, ikiunda baiskeli. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoipa jina la Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli zinazoshusha madumu ya mawese na mikungu ya ndizi kutoka vijijini hadi Kigoma mjini ni ukoo wake wa moja kwa moja. Magari yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20, nayo yalikuwa magari ya heshima: ya madaktari na mameneja wa benki, watu wasiopenda makelele.

Vita Kuu ya Pili ikavuruga biashara hiyo. Ilipokwisha mwaka 1945, Rover ilijikuta na kiwanda kikubwa huko Solihull, kilichojengwa kwa ajili ya kazi za injini za ndege za kivita, lakini haikuwa na chuma cha kuundia magari. Serikali ya Uingereza ilikuwa inagawa chuma kwa mgao, na aliyepewa ni yule aliyeuza bidhaa nje ya nchi na kuleta fedha za kigeni. Nani huko nje angenunua gari la meneja wa benki?

Mhandisi mkuu wa kampuni, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani alitumia Jeep kuukuu iliyoachwa na jeshi la Marekani. Ikiharibika, hakuona gari la Kiingereza la kuchukua nafasi yake. Yeye na kaka yake Spencer, aliyeiongoza kampuni, wakaamua kuunda gari la mkulima: lenye kuvuta jembe, kuzungusha mashine ya shambani, kubeba mzigo, na kumfikisha mwenyewe sokoni. Gari la kwanza la majaribio lilitengenezwa mwaka 1947 juu ya chasesi ya Jeep. Chasesi ni ile fremu ya chuma iliyo chini, ambayo injini, magurudumu na bodi vyote hufungwa juu yake. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa rasmi kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam, kwa bei ya pauni 450.

Mwenyewe Rover hakudhani litadumu. Lilikuwa gari la kujikimu, la kusogezea miaka miwili mitatu hadi mambo yatengemae.

Sasa angalia jinsi uhaba ulivyoliumba. Chuma cha bati hakikupatikana, kwa hiyo bodi ikawa ya aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, kwani viwanda vya ndege vilikuwa vimeacha shehena yake. Mashine kubwa za kukandamiza bati zilikuwa ghali, kwa hiyo bodi ikakatwa bapa bapa, kwa pembe nyofu ambazo mtu anaweza kuzikunja kwa mkono. Chasesi iliunganishwa kwa vipande virefu vya chuma vilivyochomelewa kuwa kama boksi. Hata rangi ile ya kijani ya mwanzo ilikuwa masalio ya jeshi la anga. Walichokifanya kwa ukata ndicho kilichokuja kuwa sifa: aluminiamu haishiki kutu, na bati bapa fundi yeyote analinyoosha kwa nyundo na kipande cha gogo.

Vijiti vitatu

Aliyepata kukaa karibu na dereva wa Land Rover ya zamani hasahau vijiti vilivyosimama sakafuni. Kirefu ni cha gia za kawaida. Pembeni yake kuna kifupi chenye kirungu cha njano, na kingine chenye kirungu chekundu. Ukikandamiza cha njano chini, injini inaacha kusukuma magurudumu ya nyuma peke yake na kusukuma yote manne. Ukisimamisha gari na kuvuta chekundu, unaingia kwenye gia nzito: mwendo wa konokono wenye nguvu ya kupanda mlima ukiwa na shehena, au kushuka bila kuchoma breki.

Chini ya kioo cha mbele kuna vibao viwili vya bati vinavyofunguliwa kwa kitasa. Hicho ndicho kiyoyozi. Huleta upepo, na pamoja na upepo huleta vumbi, nyuki na harufu ya kila kitu kilicho mbele yako. Kwenye bampa ya mbele kuna tundu la kuingizia hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini betri ikizimika. Viti ni mito tu juu ya masanduku ya bati. Kwa kweli lilikuwa gari la mateso, na anayelisifia starehe amesahau mgongo wake.

Lakini lilitengenezeka. Chukua ugonjwa wake mashuhuri, kukatika kwa safti ya nyuma. Safti hiyo ni chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu, yaani kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli, hadi gurudumuni. Ukiachia klachi kwa pupa tope likiwa limeshika, inakatika. Katika magari mengi hilo lingemaliza safari. Kwenye Land Rover dereva alifungua boliti sita katikati ya gurudumu kwa spana ya kawaida, akachomoa safti bila kupiga jeki, akaingiza nyingine aliyoibeba nyuma ya kiti. Kama hakuwa na nyingine, alikandamiza kirungu cha njano na kurudi nyumbani akivutwa na magurudumu ya mbele.

Mwisho wa barabara

Kigoma ni mahali pazuri pa kuonea kwa nini gari la namna hii lilihitajika. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kwa miongo mingi mkoa ulitegemea hiyo reli na ziwa. Barabara za ndani, kuelekea Kasulu, Manyovu, Kibondo na Uvinza, zilikuwa za udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikianza, na mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili. Upande wa mashariki kuna Mto Malagarasi na mabwawa yake. Daraja kubwa la barabara pale, lililopewa jina la Rais Kikwete na kujengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, lilifunguliwa mwaka 2015 tu. Kabla yake, aliyetaka kwenda Tabora kwa gari wakati wa masika aliaga ndugu zake vizuri.

Safari moja ya Land Rover kuja Kigoma imeingia katika historia ya dunia, ingawa gari lenyewe halitajwi sana. Katikati ya mwaka 1960 binti wa Kiingereza, Jane Goodall, alitakiwa kuja kuwachunguza sokwe wa Gombe. Wakubwa wa kikoloni walikataa asikae porini peke yake, hivyo akaja na mama yake, Vanne. Aliyewaendesha kutoka Nairobi alikuwa mtaalamu wa mimea, Bernard Verdcourt, katika Land Rover ya chasesi fupi iliyojazwa vitu kupita kiasi: hema, vyombo, masanduku, mpaka pa kuweka miguu pakawa shida. Walikata zaidi ya kilomita 1,200 za vumbi na makorongo.

Walifika wakati mbaya. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, machafuko yakaanza, na Wabelgiji wakavuka ziwa kwa mamia kukimbilia Kigoma. Mama na binti wakasaidia kuandaa chakula cha wakimbizi kabla hawajapata nafasi ya kuendelea. Na walipoendelea, Land Rover ilibaki nyuma. Gombe haikuwa na barabara, na mpaka leo mgeni huenda kwa boti, wengi wakipandia Kibirizi. Tarehe 14 Julai Jane alishuka ufukweni pale, na utafiti alioanzisha unaendelea hata baada ya yeye kufariki mwezi Oktoba 2025. Wapenda Land Rover husema gari lao lilifika kila mahali. Kwenye mwambao huu lilifika Kigoma, na kutoka hapo mwenye kazi ni nahodha.

Wakoloni na watafiti hawakuwa peke yao. TANU ilipozaliwa Julai 1954, chama hakikuwa na fedha, na Mwalimu Nyerere alizunguka nchi akihutubia kutoka kwenye Land Rover ya chama. Gari lililompeleka DC kukusanya kodi ndilo lililompeleka anayetaka DC aondoke. Baada ya uhuru lilibaki pale pale lilipokuwa, serikalini, likabadili abiria.

Kwa ufupi hadi hapa: Land Rover ilikuwa nyepesi kutengeneza, ngumu kuharibika kabisa, na iliuzwa na nchi iliyokuwa inatawala. Hilo la tatu lisisahaulike. Barabara, mafundi, mawakala na maagizo ya ofisi vyote vilikuwa vya Mwingereza, na gari lilipita katika mlango ulio wazi.

Namba zinazotajwa sana

Namba za Land Rover za zamani ni inchi, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ya kwanza ilikuwa 80, kama mita mbili. Msomaji anayesikia wazee wakibishana atafaidika na orodha hii:

- Toleo la Kwanza, 1948 hadi 1958. Injini ya petroli ya lita 1.6, nguvu farasi 50. Dizeli iliingia mwaka 1957.
- Toleo la Pili, 1958 hadi 1971. Hapa ndipo umbo tunalolijua lilipokamilika, na injini ya lita 2.25 iliyodumu miaka mingi. Ya chasesi fupi ni 88, ya chasesi ndefu ni 109.
- Toleo la Tatu, kuanzia 1971. Taa za mbele ziko kwenye madigadi, na dashibodi imehamia mbele ya dereva badala ya katikati.
- 110 ya mwaka 1983 na 90 ya mwaka 1984, zenye springi za mviringo badala ya zile za mabapa. Mwaka 1990 zikapewa jina la Defender.

Ile 109 ndiyo malkia wa nchi hii. Ilikuwa ambulensi, gari la polisi, gari la mishahara, na gari la abiria lililojaza watu mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Jina la Defender nalo lilishika kiasi kwamba hata polisi walipohamia Land Cruiser, watu waliendelea kuziita difenda.

Kuna pia Range Rover ya mwaka 1970, na wengi hawaamini wakiambiwa kwamba ilianza kama gari la shamba lenye nafasi, ambalo ndani yake ungeweza kupaosha kwa mpira wa maji. Discovery ilifuata mwaka 1989. Hizo ndizo zilizoipeleka kampuni kwa wenye pesa, na huko haikurudi.

Mjapani aliingiaje?

Toyota ilianza kuunda gari lake la aina hii mwaka 1951, nayo ikitazama Jeep ya Mmarekani. Kwa hiyo Land Cruiser na Land Rover ni watoto wa baba mmoja. Kwa miaka mingi Land Rover iliuzika kuliko uwezo wa kiwanda, na mnunuzi alisubiri zamu. Hapo palikuwa pa kutumia faida kupanua kiwanda na kuweka injini yenye nguvu zaidi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1967 Rover ilimezwa na Leyland, mwaka uliofuata ikawa ndani ya British Leyland, kampuni kubwa iliyokuwa ikipata hasara kwenye magari madogo, na mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua. Land Rover, iliyokuwa inaingiza pesa, ilitumika kuziba matundu ya wenzake. Mwaka 1976 iliundwa Land Rover ya milioni moja, na injini bado ilikuwa ndogo kwa mzigo uliotakiwa kubebwa.

Huku kwetu balaa lilikuja kwa njia nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta kupanda bei, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Gari linalotengenezeka kwa spana bado linahitaji spea ya kufungwa na hiyo spana. Land Rover za idara zikaanza kukaa juu ya mawe, moja ikichinjwa ili nyingine itembee. Ukitaka kujua 109 nyingi zilikwenda wapi, hilo ndilo jibu la kwanza: ziliingia ndani ya 109 nyingine.

Kisha akabadilika mnunuzi. Kigoma imepokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, na wa Kongo mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Pamoja nao yalikuja mashirika ya misaada, na mashirika hayanunui gari moja moja kwa wakala wa mjini. Huagiza kwa pamoja, na Toyota ilikuwa imejipanga: ina hata ghala maalumu Gibraltar, kwenye mlango wa Bahari ya Mediterania, linaloandaa magari kwa ajili ya mashirika hayo. Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda hadi juu ya paa, ikawa gari la kawaida kwenye barabara ya Kasulu. Na shirika likiondoka, magari yake huuzwa hapa hapa, mafundi huyazoea, spea hujaa madukani.

Lakini kosa lililoniudhi mimi zaidi lilifanywa Solihull. Mwaka 1998 Defender iliwekewa injini ya dizeli inayoongozwa na kompyuta. Ilikuwa na nguvu, safi, tulivu, na ikigoma njiani Kakonko, spana haina la kuiambia. Wakati huo huo Land Cruiser ilikuwa na dizeli ya lita 4.2 ambayo pampu yake ya mafuta ni ya chuma na gia tupu, isiyojua kompyuta. Mjapani aliendelea kuuza wazo la mwaka 1948 wakati mwenye wazo amelichoka.

Mabwana sita

Baada ya serikali, Rover ilinunuliwa na British Aerospace mwaka 1988, BMW ya Ujerumani mwaka 1994, na Land Rover peke yake ikaenda kwa Ford ya Marekani mwaka 2000. Mwaka 2008 Ford iliiuza pamoja na Jaguar kwa Tata ya India, kwa dola bilioni 2.3. Kwa hiyo anayeuliza Land Rover ni ya nani leo, ni ya Mhindi, na bado iko hai.

Defender ya umbo la zamani ilitoka kiwandani kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016. Baada ya miaka 67 na magari zaidi ya milioni mbili, sheria za moshi na usalama zilikuwa zimeipita. Defender mpya ilizinduliwa mwaka 2019, inaundwa Nitra, Slovakia, na haina chasesi ya kujitegemea. Bodi na fremu ni kitu kimoja. Ni gari zuri sana, kwa aliye na fundi mwenye kompyuta.

Za zamani hazijaisha, zimehamia mikononi mwa wanaozipenda. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, na zaidi ya 1,000 ziliandamana barabarani kwa kusudi la kuvunja rekodi ya dunia. Nyingi zilikuwa za watalii na za wakulima wa mlimani, zikiwa kazini mpaka jana yake.

Kama unaitaka

Wasomaji huuliza pia kama ni busara kununua 109 au 110 ya zamani leo. Inawezekana, ukiwa na subira na fundi wako mwenyewe. Kabla ya kutoa pesa, angalia haya.

Anza chini. Bodi ya aluminiamu inaweza kung'aa miaka hamsini huku chasesi ya chuma imeshaliwa. Lala chini na nyundo ndogo, gonga kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio wa kopo. Lililowahi kubeba chumvi ya Uvinza ligonge mara mbili. Ukikuta limepakwa lami mbichi jana, kuna kilichofichwa.

Kagua ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, hasa kona za chini. Huo si wa aluminiamu, na kuubadilisha ni kulifungua gari zima.

Liendeshe mteremkoni, uachie mafuta. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi inahitaji kushushwa, na hapo bei ipungue.

Mwisho ni injini. Nyingi zilizobaki zimefungwa injini ya dizeli ya Kijapani, na ukiniuliza mimi si dhambi, maana ndiyo iliyoziokoa zisiuzwe kwa kilo. Ila namba iliyogongwa kwenye injini ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari. Isipolingana, muuzaji aende kwanza TRA akarekebishe kadi, ndipo mzungumze bei.